Utafiti wa dawa: usome nini?

Mdogo wangu, usikimbilie famasia kwa sababu tu inataja dawa. Ukitaka kutoa dawa kwenye majani, kama mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alivyotoa artemisinini (dawa ya malaria) kwenye mmea wa pakanga kwa kimiminika kiitwacho etha badala ya kuchemsha, soma kemia (mimi ni wa huko, kwa hiyo navutia kwangu). Famasia ya Muhimbili, miaka 4, inamfaa anayetaka kujua dawa inafanya nini mwilini na inakuwaje kidonge. Majaribio kwa watu, kama ya chanjo ya malaria kule Bagamoyo, yanahitaji pia wataalamu wa takwimu. Kwa uzamili, chagua msimamizi kabla ya chuo. Nenda maabara kwake ukaone: mashine ya HPLC (ya kutenganisha na kupima kemikali) inafanya kazi, au imefunikwa kitambaa?