SOMO: Anwani fupi kwenye RDF zinavyogeuka kuwa kamili (chunga slashi ya mwisho)

Wakuu, salama? Huku Mwanza kwema. Leo tushike kitu kimoja tu kinachoharibu data za watu kimyakimya: ukiandika anwani fupi kama <kirumba> kwenye faili la Turtle (namna ya kuandika data za RDF, yaani sentensi fupi za sehemu tatu ambamo vitu vinatajwa kwa anwani za wavuti), programu inaijazia vipi mpaka iwe kamili? Mfano wetu ni mialo ya huku, Kirumba, Igombe na Kayenze, na samaki wanaoshushwa pale.

Hatua ya 1. Juu kabisa ya faili weka anwani ya msingi:

@base <https://example.org/ziwa/mialo/> .
<kirumba> <../huuza> <../samaki/sangara> .

Hatua ya 2. Hapa ndo penyewe, soma taratibu. Sheria iko kwenye RFC 3986 ya mwaka 2005, waraka wa kanuni za anwani za mtandao. Programu inachukua anwani ya msingi, inafuta chochote kilichoko baada ya slashi ya mwisho, halafu ndo inabandika kifupi chako. Kwa hiyo <kirumba> inakuwa

https://example.org/ziwa/mialo/kirumba

Sasa toa ile slashi ya mwisho, ibaki .../ziwa/mialo, uone. Neno "mialo" linahesabika kama jina la faili, linafutwa, unapata

https://example.org/ziwa/kirumba

Na hutaona eroo yoyote maana faili bado ni sahihi kabisa, ila mwalo wako umeshapata jina lingine na kila swali la SPARQL (lugha ya kuuliza data za RDF) linalotafuta lile jina la kwanza linarudi tupu, utakaa unahangaika na swali wakati tatizo liko kwenye herufi moja kule juu.

Hatua ya 3. Angalia kifupi kinaanza na nini. Nukta mbili na slashi (../) zinapanda ngazi moja, ndo maana sangara wetu yuko .../ziwa/samaki/sangara. Kikianza na slashi, kama </samaki/sato>, njia yote inatupwa inabaki https://example.org/samaki/sato. <#igombe> inabandikwa kwenye anwani nzima ya msingi bila kukata kitu. Na <> tupu ni anwani ya msingi yenyewe, watu huitumia kuelezea faili lenyewe, nani kaliandika na lini.

MASWALI

Mdau wa Nansio: Mkuu, nisipoweka @base kabisa?
Programu inatumia mahali ilipolitoa faili. Umelifungua kwenye laptop yako, utapata majina yanayoanza na file:///, na mwenzako wa Nyegezi akilifungua kwake anapata mengine. Mkiunganisha data, Kirumba wanakuwa wawili. Mimi naona kila faili linalotoka nje ya kompyuta yako liwe na @base, bila mjadala.

Mdau wa Igoma: Kaka, sasa @prefix na @base si kitu kilekile?
Hapana ndugu yangu. Prefix ni kifupisho cha mwanzo wa anwani, inabandika tu, haikati kitu. Ukiwa na @prefix m: <https://example.org/ziwa/mialo> . bila slashi, m:kayenze inakuwa .../ziwa/mialokayenze, maneno yamegandana.

Mdau wa Bukoba: ../ zikizidi je, eroo?
Wala. Zikifika kwenye mzizi wa njia zinaishia hapo, haziwezi kuvuka jina la tovuti.

Mdau wa Musoma: Shikamoo mwalimu. Mimi nimeweka @base <https://example.org/ziwa#> . halafu <dagaa>, napata https://example.org/dagaa. Ziwa limeenda wapi?
Marahaba. Alama ya # na kinachoifuata haviingii kwenye hesabu ya msingi, vinaachwa. Imebaki https://example.org/ziwa, na "ziwa" haina slashi mwishoni, nayo ikafutwa kama hatua ya 2. Ukitaka .../ziwa#dagaa andika <#dagaa>, au hamishia hiyo anwani yenye # kwenye @prefix, kule inafanya kazi vizuri tu.

Mdau wa Musoma: Imekubali, asante sana mwalimu.