Jinsi ya kumtengenezea mtoto kitabu chake cha mbugani

Vitabu vingi vya wanyama ninavyokutana navyo madukani ni vya kutaja majina tu, huyu simba, huyu tembo, huyu twiga, mtoto anamaliza dakika tano na haulizi kitu. Mimi na binti yangu wa miaka sita tukaamua kutengeneza cha kwetu baada ya kwenda mbuga ya Mikumi, na hadi leo ndo anachotaka asomewe kabla ya kulala, kwa hiyo nawaelekeza tulivyofanya.

Chukua karatasi nne za A4, zipange pamoja uzikunje katikati, hapo una kurasa 16, usiongeze maana mtoto atachoka kabla hajamaliza. Jalada tumia manila. Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo so shona tu: toboa matundu matatu kwa sindano nene, pitisha uzi tundu la kati ukitokea ndani, urudi ndani kwa tundu la juu, ushuke utokee la chini, halafu rudi tena ndani kwa lile la kati ufunge fundo. Haifumuki hata akiivuta.

Sasa la muhimu kuliko yote, chagueni mnyama mmoja. Najua mtu unatamani kuweka wote mliowaona, lakini kitabu cha wanyama kumi kinarudi kuwa orodha. Na mwache mtoto achague mwenyewe, mimi nilitaka tembo yeye akang'ang'ania ngiri, kisa alimuona anaingia shimoni matako kwanza akacheka mpaka machozi. Basi tukaenda na ngiri. Akaniuliza kwa nini anaingia hivyo, kumbe kuna sababu, ngiri mkubwa anaingia kinyumenyume ili yale meno yake yabaki yameelekea mlangoni, adui akimfuata anakutana nayo, na shimo lenyewe mara nyingi hajachimba yeye, limeachwa na muhanga. Swali moja tu la mtoto likatupa kurasa nne.

Ukurasa wa shimo tuliufanya hivi: alichora kichuguu na majani makavu kwa kreyoni ya kahawia, halafu tukakata duara la manila tukalipaka gundi upande wa juu tu, ukilinyanyua unakuta uso wa ngiri anakuangalia. Hicho kifuniko kimeshabadilishwa mara mbili kwa kufunguliwa!

Maneno mwache aseme yeye, wewe uwe karani. Alisema "Ngiri anaingia kwake kwa rivasi" na nikaandika hivyo hivyo. Usimsahihishe jamani, ukishaandika "kinyumenyume" kitabu kinakuwa chako na yeye anakiacha. Sentensi moja kwa ukurasa, mbili zikizidi, herufi kubwa aweze kuzifuata kwa kidole.

Kama mtoto wako kapenda twiga, fanyeni ukurasa wa vipimo. Twiga akizaliwa anakaribia mita 1.8, chora mstari wa chaki ukutani kwa urefu huo, mtoto asimame chini yake, baba naye asimame, halafu mchore wote watatu. Mtoto hasahau hiyo maisha yake yote.

Kwa ambao kiingilio cha hifadhi kinawabana, basi la mchana la Dar kwenda Iringa au Mbeya linapita ndani ya Mikumi kama kilomita 50, na mara nyingi swala, twiga, hata tembo unawaona kutoka dirishani. Mkalishe mtoto dirishani na daftari mapajani, aweke alama tu kila akiona kitu, kuchora mtachora nyumbani maana gari linatikisika. Mkiingia ndani kabisa msiokote chochote, iwe unyoya, mfupa au jiwe, hairuhusiwi. Ukitaka majani ya kupamba kitabu chukua ya mwarobaini hapo nyumbani, weka jani chini ya karatasi upitishe kreyoni juu yake, mishipa yote inatokea.

Kurasa mbili za mwisho ziache wazi za safari nyingine. Wa kwangu kwenye moja kashaandika SAADANI kwa herufi zake kubwa, kwa sababu nilimwambia mbuga ile inafika mpaka baharini, na sasa kila siku ananiuliza kama tembo wa kule wanaogelea.