Jinsi ya kuomba hela ya sanaa ya NEA bila kulainisha kazi yenu

Ndugu zangu mlioko Marekani wenye vikundi vya ngoma, taarab, maigizo na ushairi, naulizwa sana hela ya NEA inaombwaje na je ukishapewa wanakupangia cha kuimba? Najibu yote mawili hapa hapa maana hayaachani.

NEA ni National Endowment for the Arts, mfuko wa sanaa wa serikali kuu, upo tangu 1965. Ruzuku ya miradi haombi mtu mmoja, lazima muwe taasisi isiyo ya faida yenye 501(c)(3), yaani hadhi ya kusamehewa kodi, na muwe na miaka kadhaa ya maonyesho yanayothibitika. Uko peke yako? Nenda baraza la sanaa la jimbo lako, asilimia 40 ya hela za ruzuku za NEA zinapita kwenye majimbo na kanda.

Haya, anza na SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili taasisi zinazoomba hela zake. Ni BURE, akija mtu anataka umlipe akusajilie ujue ni tapeli. Anzeni mapema kabisa sababu inaweza kula wiki kadhaa, na jina la taasisi lisipofanana herufi kwa herufi na la kwenye makaratasi yenu wanawarudisha mwanzo. Humo humo mnapewa UEI, namba ya utambulisho wa taasisi, na usajili unahuishwa kila mwaka. Halafu Grants.gov, tovuti ya serikali ya kuombea ruzuku, mnajaza fomu fupi, ikipita ndo mnaendelea na sehemu ya pili kwenye mfumo wa NEA wenyewe, huko ndo kuna maelezo ya mradi, bajeti na sampuli za kazi. Kiasi kawaida ni dola 10,000 mpaka 100,000 na ni dola kwa dola, mkiomba 10,000 muonyeshe 10,000 nyingine, ila ukumbi mliopewa bure na kazi ya kujitolea vinahesabika.

Sasa kabla hujasaini soma ukurasa wa masharti neno kwa neno, maana pale unatoa ahadi ya kisheria. 1990 Bunge lao liliweka kifungu cha staha, kinachotaka NEA wakipima maombi wazingatie pia adabu, msanii Karen Finley na wenzake watatu wakapambana nacho mpaka Mahakama ya Juu, na 1998 majaji wakakiacha 8 kwa 1, lakini wakakisoma kama jambo la kuzingatia tu. Mwaka 2025 likaja sharti la kuahidi kwamba hela haitatumika kueneza kile serikali ilichokiita itikadi ya jinsia, yaani wazo kwamba jinsia ya mtu inaweza kutofautiana na aliyozaliwa nayo, kikundi cha Rhode Island Latino Arts na wenzao wakashtaki, na Septemba jaji wa shirikisho akasema kupima maombi kwa msimamo huo kunavunja Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema. Kwa hiyo vikundi vidogo kama vyetu vilisimama vikasikilizwa, msisaini kwa woga.

Na hapa niseme linaloniuma. Woga mwingi hauko kwenye fomu, uko kwenye tafsiri. Kikundi chetu tuliwahi kupeleka kwenye maombi shairi linalomsema mkubwa anayekula cha wanyonge, tukaogopa, kwa Kiingereza tukaligeuza likawa la mazingira. Yaani wasomaji wakaona wimbo wa maua, hawakuelewa kwa nini ukumbi kwenye video umesimama unapiga vigelegele! Tulijinyamazisha wenyewe kabla hata hajatokea wa kutunyamazisha. Paneli, yaani jopo linalosoma maombi, wanapima ubora wa kazi, fumbo wape pamoja na maana yake, waambie huku kwetu taarab ndo inavyosema.

Mkikosa, andikeni kuomba maoni ya paneli, wanatoa. Mkipata, tunzeni kila barua pepe na mdai malipo mapema kila gharama inapojitokeza, sababu Mei 2025 taasisi nyingi zililetewa ujumbe kwamba ruzuku zao zimesitishwa, na wengine walikuwa katikati ya mazoezi.