Sera ya faragha iandikwe mwisho: kusafisha tovuti ya halmashauri hatua kwa hatua

Tovuti nyingi za umma zina kiungo cha "Sera ya Faragha" chini kabisa ya ukurasa, na maandishi yake mara nyingi yamenakiliwa kutoka kwa taasisi nyingine. Wakati mwingine hata jina la taasisi ile limesahaulika katikati ya aya. Sera ya namna hiyo inaahidi mambo ambayo tovuti haiyafanyi, na inanyamazia yale inayoyafanya kila dakika. Kwa hiyo hapa tunaanzia upande wa pili: kwanza uone tovuti inachukua nini, upunguze, urekebishe, ndipo uandike.

Mwongozo huu ni wa afisa TEHAMA wa halmashauri. Mifano ni ya kubuni, ila tumeiweka Tanga mjini ili mambo yasielee hewani. Sheria tunayoiegemea ni ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa sheria hiyo halmashauri ni mkusanyaji wa taarifa, nayo hutakiwa kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama usajili bado, mwone mwanasheria wa halmashauri leo hii, maana hilo halisubiri tovuti ipendeze.

Hatua ya 1: Ingia kama mgeni

Fungua Firefox kwa dirisha la faragha, bonyeza F12, chagua kichupo cha "Network", kisha fungua ukurasa wa mwanzo wa tovuti yako. Usibofye chochote. Kila mstari unaojitokeza ni ombi lililotoka kwenye kompyuta ya mgeni, na safu ya "Domain" inaonyesha limekwenda kwa nani. Orodhesha kila jina ambalo si la tovuti yako.

Hamia kichupo cha "Storage" uangalie vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti inaviacha kwenye kivinjari cha mgeni. Kidakuzi cha kikao, kinachokufa kivinjari kikifungwa, hakina ubaya. Fomu nyingi hukihitaji. Chenye muda wa miaka miwili ndicho cha kuuliza: nani alikiweka, na kwa kazi gani? Mara nyingi jibu ni mkandarasi aliyeondoka zamani.

Hatua ya 2: Ng'oa vya watu wa nje

Wageni wasioalikwa huwa walewale: fonti za Google, kisanduku cha ukurasa wa Facebook, video za YouTube, ramani ya kuonyesha ofisi ilipo, na programu ya kuhesabu wageni. Kila kimoja hupelekewa anwani ya IP ya mwananchi (namba inayotambulisha muunganisho wake mtandaoni) kabla hajasoma hata kichwa cha habari.

Fonti zipakue uziweke kwenye seva yenu. Facebook iwe kiungo cha kawaida. Video iwe picha yenye kiungo, ili anayetaka aende mwenyewe. Ramani ya Jiji la Tanga inatosha kuwa picha. Kwa takwimu za wageni tumia Matomo kwenye seva ya serikali, ukiiagiza ifiche baiti mbili za mwisho za IP. Faida ya pembeni ni kwamba ukurasa unakuwa mwepesi, na mtu wa Pongwe mwenye bando la kubahatisha atakushukuru bila kujua kwa nini.

Hatua ya 3: Fomu

Chukua fomu ya malalamiko. Mkazi wa Makorora anataka kusema taka hazijazolewa. Unahitaji kata, mtaa, maelezo, na namba ya simu kama anataka kujibiwa. Basi. Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), tarehe ya kuzaliwa, jinsia na dini havizoi taka. Kila uwanja usioweza kuutetea kwa sentensi moja, ufute. Simu iwe ya hiari, na maneno "si lazima" yaonekane kabla ya kujaza. Yakiwekwa mwisho wa fomu hayamsaidii mtu.

Kisha angalia fomu inatumwaje. Fomu ya HTML isipotajiwa njia hutumia GET, na hapo kila kilichojazwa hubandikwa kwenye anwani ya ukurasa. Kwenye kumbukumbu za seva (logi) utakuta kitu kama hiki:

192.0.2.45 "GET /malalamiko?jina=...&simu=07XXXXXXXX&kata=Makorora"

Jina na simu sasa vimelala mahali usipopakumbuka. Vimebaki pia kwenye historia ya kivinjari, na Tanga fomu nyingi hazijazwi kwenye simu ya mhusika. Zinajazwa steshenari, kwenye kompyuta moja wanayopishana watu wengi. Tumia POST, njia isiyobandika kilichojazwa kwenye anwani, weka autocomplete="off" kwenye viwanja vya taarifa binafsi, na hakikisha anayefungua kwa http anahamishiwa https moja kwa moja.

Mwisho, fuatilia ujumbe unakoangukia. Ukikuta unaingia kwenye Gmail ya mtumishi, umekuta makosa mawili: akihama kituo anaondoka na malalamiko ya wananchi, na taarifa zimehifadhiwa nje ya nchi wakati sheria imeweka masharti ya kuzisafirisha. Elekeza kwenye barua pepe rasmi inayoishia na .go.tz, na iwe ya kitengo, isiwe ya mtu.

Hatua ya 4: Kumbukumbu za seva

Seva huandika IP, saa, ukurasa na aina ya kivinjari cha kila mgeni. Usizizime, kwa sababu siku mtu akijaribu kuvunja tovuti utazihitaji, tena zikiwa na IP kamili. Kwa maoni yetu siku 30 zinatosha. Kwenye logrotate, programu inayopanga na kufuta logi za zamani, andika daily, rotate 30 na compress. Kosa la kawaida ni kuacha weekly juu kisha kuweka rotate 30 chini. Hapo umehifadhi wiki 30, yaani karibu miezi saba, huku sera inasema mwezi mmoja. Kagua na nakala rudufu pia, maana logi iliyofutwa kwenye seva inaweza kuwa hai kwenye diski ya akiba.

Malalamiko yenyewe usiyachanganye na logi. Yakishapokelewa ni nyaraka za umma, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 ndiyo inayoongoza uteketezaji wake. Ongea na masijala kabla ya kufuta.

Hatua ya 5: PDF za matangazo

Hapa ndipo taarifa nyingi huvuja, na si kwa udukuzi. Ni sisi wenyewe tunazipandisha: walioitwa kwenye usaili, waliopata viwanja, vikundi vya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri.

Tangazo la usaili linahitaji jina, kada, tarehe na mahali. Namba ya simu haina kazi pale. Majina yakifanana, tumia namba ya maombi. Kuna wanaoamini kuwa kuficha tarakimu nne za mwisho za NIDA kunatosha. Namba ile ina tarakimu 20, nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa ya mtu, na hizo umeziacha wazi.

Mikopo inahitaji uangalifu zaidi. Mgawo ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukichapisha majina ya wanachama wa kundi la tatu, umetangaza hali ya afya ya kila mmoja, na sheria inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Tangaza jina la kikundi, kata na kiasi. Umma una haki ya kujua fedha zimekwenda wapi, na hayo matatu yanaitimiza haki hiyo.

Namna ya kuandaa faili:

1. Usifiche safu kwenye Excel. Nakili zile unazotaka tu, zibandike kwenye kitabu kipya kama thamani, kisha utoe PDF kutoka hapo.
2. Usifunike maandishi kwa kiboksi cheusi. Maandishi yanabaki chini yake.
3. Fungua PDF, bonyeza Ctrl+A, Ctrl+C, bandika kwenye Notepad, halafu tafuta "07", "06" na "255". Ukiona namba za simu, rudi namba 1.
4. Kagua sifa za faili. Jina la mtumishi aliyeiandaa huwa limeandikwa humo.

Faili ikishatoka kimakosa, kufuta tangazo hakutoshi. Futa faili lenyewe kwenye seva, kisha omba Google iondoe kupitia Search Console. Ombi hilo hudumu kama miezi sita tu, kwa hiyo anwani ya faili lazima iwe imekufa kweli. Na tafadhali, usiliandike kwenye robots.txt, faili la kuzielekeza injini za utafutaji, ili "lisionekane". Hiyo robots.txt husomwa na yeyote, na wewe umemchorea ramani.

Hatua ya 6: Picha

Simu huandika mahali picha ilipopigwa. Amri exiftool -gps:all= picha.jpg inaondoa mahali na kuacha mengine. Ukitumia -all= bila kuangalia, mwelekeo wa picha nao unafutika na mheshimiwa analala ubavu. Watoto wa shule na wagonjwa kliniki wasipandishwe bila ridhaa, ya mzazi kwa mtoto.

Hatua ya 7: Sasa andika sera

Una orodha yote mkononi, kwa hiyo ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha: tunachukua nini, kwa nini, kinakaa siku ngapi, nani anakiona, na mtu afanyeje akitaka kukiona, kukirekebisha au kulalamika. Taja cheo cha afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi na njia ya kumpata, halafu Tume kama ngazi inayofuata. Eleza pia kwamba viungo vya nje, kama mfumo wa leseni wa TAUSI, vina taratibu zao. Weka tarehe.

Mpe asome mchuuzi wa soko la Mgandini. Akiuliza "siku 30 za nini?", sentensi hiyo irudie. Na kila bango jipya au video ikiwekwa, rudi hatua ya 1 na F12 yako kabla ya kubadilisha tarehe ile.