SOMO: Tanga hadi Mombasa kupitia Horohoro, kwa anayevuka mara ya kwanza

Likizo ikikaribia, wengi huuliza namna ya kwenda kwa ndugu zao Kwale na Mombasa. Somo hili ni la msafiri wa basi kutoka Tanga mjini.

1. Hati. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi. Uwe na pasipoti, au Hati ya Dharura ya Safari inayotolewa na Uhamiaji. Ishughulikie mapema, usingoje siku ya safari. Beba na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, maana huulizwa. Viza hakuna, sisi ni Afrika Mashariki.

2. Mpakani. Hapa ndipo wageni wanapochanganyikiwa, kwa hiyo soma taratibu. Kituo ni cha huduma za pamoja: anayetoka Tanzania hugongewa mihuri yote miwili upande wa Kenya, Lunga Lunga, na anayerudi hugongewa upande wetu, Horohoro. Ukishuka kwenye basi, anza na dirisha la Uhamiaji wa Tanzania, kisha la Kenya. Kabla hujaondoka dirishani fungua ukurasa uone: muhuri wa kutoka upo? Wa kuingia upo? Tarehe inasomeka? Ukikosa mmoja, taabu utaiona siku ya kurudi.

Pasipoti yako usimpe kishoka anayekwambia "nipe nikuharakishie". Foleni ni yako, panga mwenyewe.

3. Mzigo. Mifuko ya rambo iache nyumbani. Kenya iliipiga marufuku 2017, sisi 2019. Tumia kikapu.

4. Hela. Badilisha benki au duka la fedha. Wale wenye mabunda mkononi wanahesabu haraka kuliko macho yako.

Baada ya hapo ni Ukunda, kisha Likoni. Kwenye feri mwenda kwa miguu halipi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada wa Ngamiani: Nikichukua machungwa ya Muheza nikauze Mombasa, nitatozwa ushuru?*

Dada yangu, mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa umezalishwa kwetu na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, unaombewa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha mzigo umezalishwa wapi, hapohapo forodhani, na ushuru wa forodha unasamehewa. Kodi nyingine zinaweza kuwepo, uliza kabla. Kwa kuwa ni matunda, utahitaji pia cheti cha afya ya mimea.

*Kijana wa Duga: Bibi yangu yuko Vanga. Wazee walikuwa wanapita tu kwa miguu. Kwa nini mimi nigongewe muhuri?*

Mjukuu wangu, uchungu wako naujua. Mstari huu waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wakaanzia mdomo wa mto Umba, na Wadigo hawakuulizwa. Ukoo ukabaki huku na huku. Lakini ukipita njia ya panya, siku ukiugua au ukipata ajali kule, huna karatasi ya kuonyesha uliingiaje. Bibi atakuhangaikia bure. Pita Horohoro.

*Mama wa Pongwe: Naenda na mtoto wa miaka mitatu, baba yake hatakuwa nasi safarini.*

Mama, mtoto awe na hati yake mwenyewe. Chukua cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba yake, ukiulizwa uwe nayo mkononi.