Ekari moja usiipande hovyo

Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000, sio kidogo kihivyo, shida watu wanapanda mahindi tupu afu bei ikianguka wamekwisha. Igawe kwanza: kubwa iwe ya chakula cha nyumbani, kipande cha kuuza. Kwenye mahindi acha sentimita 75 mstari hadi mstari na katikati weka kunde, mizizi yake ina bakteria wanaovuta naitrojeni (chakula cha mmea) toka hewani na majani yanafunika udongo usikauke haraka, msimu unaofuata palipokuwa na kunde hamishia mahindi. Shamba likiwa na mteremko acheni kulima kushuka chini jamani, mvua itabeba udongo wote, lima kukatiza mteremko, piga matuta na juu yake panda majani ya tembo, yanashika udongo na mifugo inakula.

Samadi usimwage mbichi. Irundike na mabua, iwe na unyevu, uwe unaigeuza geuza, miezi 2 au 3 hivi ikishakuwa nyeusi na harufu kali imeisha ndo upeleke, tena weka kwenye mashimo ya mbegu, kuirusha shamba zima ni kulisha magugu tu. Mbegu chotara, yaani ile iliyotokana na kuchanganya aina tofauti, ukivuna usirudie kuipanda.