Namna ya Kupata Kina Sahihi cha Tetemeko la Ardhi Kati ya Gelai na Ol Doinyo Lengai

Mwezi Julai 2007 eneo la kusini mwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, lilikumbwa na mfululizo wa matetemeko ya ardhi, na kubwa kuliko yote, la tarehe 17, lilifikia ukubwa wa 5.9 na kusikika hadi Nairobi. Mapema Septemba volkano ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka kwa kishindo. Picha za rada za setilaiti zilionyesha kwamba chini ya mlima Gelai yalikuwa yametokea mambo mawili yaliyofuatana: miamba iliteleza taratibu kwenye mpasuko, kisha magma, yaani miamba iliyoyeyuka, ikapenya ardhini kwa umbo la ukuta mwembamba ulio wima. Anayetaka kuyatenganisha mambo kama hayo kwa rekodi za mitetemo hana budi kujua kina cha kila tetemeko, na kina ndicho kipimo kinachokosewa kuliko vyote. Kwa sababu hiyo, kila hatua katika mwongozo huu inapimwa kwa namna inavyosaidia kukipata.

Kazi huanzia nje, kabla kompyuta haijawashwa. Vituo vya kurekodi mitetemo vinapaswa kulizunguka eneo la matetemeko, kiasi kwamba mtu akisimama kitovuni asikute pengo la nyuzi 180 au zaidi lisilo na kituo. Hilo hulinda latitudo na longitudo tu. Ili kina kishikike, angalau kituo kimoja kiwe karibu na kitovu kwa umbali usiozidi sana kina chenyewe. Magma ikitarajiwa kwenye kilomita 5, kituo kilicho kilomita 30 kitasaidia kidogo mno, kwa kuwa programu inayokokotoa mahali pa tetemeko inaweza kukishusha au kukipandisha chanzo, ikasogeza kidogo wakati wa kuanza kwa tetemeko, na hesabu bado ikakubali. Saa za vituo zilinganishwe na GPS muda wote, kwani kosa la sekunde 0.1 ni sawa na mita 600 kwa wimbi linalokwenda kilomita 6 kwa sekunde. Kifaa kifukiwe juu ya mwamba mgumu, mbali na njia za mifugo na miti inayotikiswa na upepo. Ukanda huu una majivu mengi ya volkano, nayo hukuza kelele.

Baada ya rekodi kukusanywa, hatua inayostahili subira kuliko zote ni kusoma nyakati za kufika kwa mawimbi. Wimbi la P, linalofika kwanza, husomwa kwenye mkondo wa wima (rekodi ya mtikisiko wa juu na chini), na wimbi la S, lenye kasi ndogo zaidi, kwenye mikondo miwili ya mlalo. Tofauti ya nyakati zao hutoa umbali: katika miamba migumu ambamo P husafiri kilomita 6 kwa sekunde, kila sekunde ya tofauti ni takriban kilomita 8, lakini katika tabaka laini ambamo P hukwenda kilomita 4 na S kilomita 2.2 kwa sekunde, sekunde hiyohiyo ni kama kilomita 5 tu. Usomaji wa S usiachwe kwa sababu ya ugumu wake, maana bila S iliyosomwa vizuri kwenye kituo cha karibu kina hubaki kubahatisha. Ni vema pia kutahadhari na wimbi linalozaliwa pale S inapogeuka kuwa P kwenye mpaka wa tabaka la mashapo na mwamba wa chini: hufika mbele kidogo ya S halisi na huwahadaa hata wasomaji wazoefu. Usomaji wenye shaka upewe uzito mdogo badala ya kulazimishwa.

Modeli ya kasi ya mawimbi, yaani makadirio ya kasi yao katika kila tabaka la ardhi, isichukuliwe kutoka kwenye wastani wa dunia. Njia inayofaa ni kuchagua matetemeko yaliyorekodiwa vizuri zaidi, kisha kutafuta kwa pamoja mahali yalipotokea, kasi katika kila tabaka na marekebisho ya kila kituo. Mwinuko wa vituo nao uingizwe katika hesabu. Ziwa Natron liko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Lengai kinakaribia mita 2,960. Mawimbi yakipita katika miamba dhaifu ya mlima kwa kilomita 3 kwa sekunde, tofauti hiyo ya kimo peke yake inakaribia sekunde 0.8, ambayo ni kubwa mara nyingi kuliko kosa la msomaji makini. Baadhi ya programu huhesabu kina kuanzia usawa wa bahari na kukataa namba hasi, yaani mahali palipo juu ya usawa huo, hivyo tetemeko lililotokea ndani ya mlima hubanwa kwenye sifuri.

Hesabu ikikamilika, irudiwe kwa kuanzia kina cha kilomita 2, kisha 10, kisha 25; majibu yakitofautiana, kina hakijapatikana, hata kama kosa lililochapishwa na programu ni dogo. Msomaji wa orodha za kimataifa, kama ile ya USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, atakuta kilomita 10 ikijirudia mno. Mara nyingi namba hiyo imewekwa tu kwa sababu takwimu hazikutosha, na kuijengea nadharia ya magma ni kujidanganya.

Matetemeko yaliyo karibu karibu yanaweza kunolewa zaidi kwa kulinganisha mawimbi yao na kutumia tofauti za nyakati kati ya matetemeko mawili ya kila jozi, mbinu ambayo hufuta sehemu kubwa ya makosa ya modeli. Wingu la vitovu huweza kugeuka mstari dhahiri wa mpasuko. Hata hivyo mbinu hiyo husahihisha umbo, na kundi zima bado linaweza kuwa limesogea kutoka mahali pake, kwa hiyo angalau tetemeko moja la kundi liwe limerekodiwa na kituo kilicho juu yake.

Mitetemo ya polepole ya volkano, isiyo na P wala S inayoonekana, isiingizwe kabisa katika utaratibu huu. Hiyo hutafutwa kwa kupima jinsi nguvu yake inavyofifia kutoka kituo hadi kituo, na majibu yake yahifadhiwe katika orodha tofauti.